Malaika wa Milia wa Mama Jero

Miezi mitatu iliyopita, nikiwa sebuleni kwa Mama Jero kule Kesses, kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe aliniambia kwamba samaki aliyekuwa akifa njaa mbele ya macho yetu "ako kwa diet." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka mezani polepole, maana mkono ulikuwa umeshaamua kukirusha.

Ndiyo sababu ninaandika. Nilipostaafu nilitaka kulima viazi vyangu vichache hapa Yamumbi na kulalamika kuhusu magoti, basi. Lakini nyinyi vijana mnaofunga matangi ya maji ya chumvi katika nyumba za watu wa Eldoret, mnaopiga samaki picha siku ya kwanza na kutoweka siku ya pili, mmenichokoza. Sasa kaeni mnisikilize. Nitawasema, na sitaomba radhi.

Mimi ni Mama Ciru. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilitunza samaki wa baharini kwenye hoteli, kliniki na nyumba za watu. Nilizaliwa Timboroa, ambako baba alikuwa na duka, na ambako bahari tuliisoma darasani tu, kama vile tulivyosoma mwezi. Nilipoiona kwa macho nilikuwa na watoto wawili, na nilikuwa nimeshatunza samaki wake kwa miaka minne. Wavuvi wa pwani waliniuliza ni nani alinifundisha. Nikasema ni mzee mmoja Mluhya wa Eldoret. Wakacheka mpaka wakaketi.

Mzee mwenyewe aliitwa Wafula. Alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari, akastaafu, kisha akaajiriwa kutunza tangi la hoteli ambayo mimi nilikuwa nikifua mashuka yake. Kila nikipita na beseni nilikuwa nasimama kutazama. Siku ya tatu akanisukumia kigoda cha miguu mitatu.

"Keti," akasema. "Ukisimama unaona maji. Ukiketi unaona samaki."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na kigoda hicho alikwenda nacho kila nyumba. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya tangi la mtu, unaketi muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, mikono mapajani. Unahesabu samaki. Unaangalia nani anakula na nani anafukuzwa. Meneja wa hoteli alikuwa akija na haraka zake, "Mzee, bado hujaanza?" Wafula alikuwa akimjibu bila kugeuka, "Bosi, daktari akikudunga sindano kabla hujasema unaumwa wapi, utakubali?"

Sheria ya pili ilikuwa juu ya rangi. "Rangi ni nguo, Mama Ciru. Hata mtu mwenye njaa anaweza kuvaa suti. Wewe angalia tumbo, hapo nyuma ya kichwa. Likibonyea, huyo ni mgonjwa hata kama anang'aa."

Shikeni hapo kwenye tumbo. Nitarudi.

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo hamtayapata kwenye video mnazotazama, kwa sababu wanaozitengeneza hawajawahi kufuga samaki Eldoret. Wakimbiaji wanatoka kila pembe kuja kufanya mazoezi hapa kwa kuwa hewa yetu ni nyembamba. Samaki hakuja kufanya mazoezi. Hewa ikiwa nyembamba, maji nayo yanashika hewa kidogo, na pampu inayotosha Mombasa hapa ni mchezo wa watoto. Weka mbili, na uhakikishe maji yanavurugika vizuri pale juu yanapokutana na hewa. Stima ikipotea, na itapotea, usikimbilie kufunika tangi kwa blanketi. Baridi ya Eldoret inachukua muda kuua. Kukosa hewa kutamuua samaki kabla hujamaliza kumpigia simu mtu wa stima.

Msidhani nilizaliwa nikijua. Wakati mmoja nilikuwa na samaki warukaji kwenye kliniki ya daktari mmoja mjini. Nikaona ujanja: nikanunua chandarua kipya cha mbu, nikakikata, nikafunika tangi. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima. Chandarua kilikuwa kimetiwa dawa ya kuua mbu. Kesho yake kamba wa baharini wote waliokuwamo walikuwa wamelala chali na samaki wawili wanaelea. Mzee Wafula hakunigombeza. Alileta kigoda, akaniambia niketi nitazame hao waliokufa mpaka nitakapoacha kusema "sikujua." Nilikaa hadi chakula cha mchana. Tangu hapo, kitu chochote kinachokaribia maji yangu nauliza kwanza kimepakwa nini.

Mama Jero nilikutana naye kwa sababu ya chumvi. Ana duka la dawa za mifugo Kesses, ana ng'ombe wa maziwa, na alikuwa amenunuliwa tangi kubwa na watoto wake. Nilipoitwa, kila kitu ndani kilikuwa kimekufa, matumbawe yamegeuka meupe kama chokaa. Chumvi ya bahari ilikuwa imemwishia, akachota chumvi ya ng'ombe dukani kwake.

"Chumvi ni chumvi," akaniambia. "Ng'ombe zangu zinalamba hiyo na maziwa inaongezeka."

"Mama, hii imetiwa madini ya shaba. Ng'ombe anaihitaji. Tumbawe likionja shaba kidogo tu, limekwisha."

Nilitegemea aanze kulaumu aliyemuuzia tangi. Wateja wote hufanya hivyo. Yeye aliingia jikoni, akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na vikombe viwili. "Sawa," akasema. "Basi nifundishe."

Na alifundishika. Nilimweleza kwamba maji yakipungua kwenye tangi, ni maji tu yaliyokwenda, chumvi imebaki, kwa hiyo unajaziliza maji matupu. Akasema, "Kama supu ikikaukia kwa moto." Sikulirudia somo hilo tena. Kuna wahandisi wa Eldoret niliowaeleza jambo hilohilo mara kumi.

Matumbawe mapya yaliposhika vizuri, akataka malaika. Malaika ndilo jina wateja wetu wanalompa. Watu wa pwani humwita kitatange. Karibu wote ni warembo na karibu wote ni waharibifu. Ukimtia kwenye tangi la matumbawe atayadonoa kama kuku aliyeingia kwenye sukuma wiki. Lakini yuko mmoja ambaye hali matumbawe hata kidogo, mwembamba, mwenye mkia uliochongoka kama wa mbayuwayu. Jike ni wa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Dume ana milia ya kahawia iliyosimama, mgongoni hadi karibu na tumbo. Anaishi chini sana, na mzamiaji anayemkamata lazima ampandishe taratibu, la sivyo tumbo linavimba kwa hewa. Tulingoja karibu miaka miwili.

Nilikwenda Mombasa kuwachukua mwenyewe, dume mmoja na majike wawili, kila mmoja kwenye mfuko wake wa maji na oksijeni. Mpakiaji alitaka kufunga mifuko, mimi nikamzuia. "Jaza hewa mpaka mfuko uwe mgumu," nikamwambia. "Kwetu ni mbali."

Sikilizeni upumbavu wangu. Mimi ni mtoto wa Timboroa. Nimekua nikipanga paketi za krispi dukani kwa baba, na kila paketi iliyotoka bondeni ilifika kwetu imevimba kama mto, maana ukipanda juu hewa ya ndani inatanuka. Watoto wa Timboroa wote wanalijua hilo. Tulikuwa tukizipasua kwa makofi kushtua wateja. Na bado nikaagiza mifuko ijazwe hewa hadi pomoni, kisha nikaipandisha Timboroa.

Mfuko wa dume ulipasuka karibu kabisa na mahali lilipokuwa duka la baba. Maji yakamwagika sakafuni mwa gari. Nilimtia kwenye ndoo, nikampulizia hewa kwa pampu ya betri, lakini tumbo lake nalo lilikuwa limevimba, na hakufika Burnt Forest. Miaka yote hii nimewaambia watu ni mpakiaji wa Mombasa aliyekosea. Leo nasema kweli: nilimuua mimi. Mkiagiza samaki, mwambieni mpakiaji auache mfuko mlegevu kama shavu la mzee, utajaza wenyewe njiani.

Majike wawili walifika salama. Mama Jero hakusema neno baya. Lakini miezi michache baadaye alinipigia simu kwa sauti ya kuita askari.

"Mama Ciru, umeniibia!"

"Nimeiba nini?"

"Samaki! Hii kubwa umebadilisha. Ile yangu haikuwa na laini. Hii iko na laini!"

Nilikwenda mbio, nikaketi kwenye kigoda alichoniachia Mzee Wafula, nikacheka hadi machozi. Malaika wa aina hii dume akikosekana, jike mkubwa hugeuka akawa dume. Milia ilikuwa imeanza mgongoni, miembamba kama ya kalamu. Mama Jero aliinama akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe. Mwenye boma akikosekana, lazima mtu asimame." Akamwita Chifu. Yule mwingine akabaki kuitwa Mdogo.

Kwa miaka tisa nilimtunza Chifu. Nataka mwelewe kazi yenyewe, maana hapa ndipo mnapoharibu. Samaki huyu hali matumbawe. Vizuri sana. Basi anakula nini? Baharini anasimama katikati ya maji, na mkondo unamletea vijidudu vidogo kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua. Anadonoa, anadonoa, kutwa nzima. Hana akiba mwilini. Kwa hiyo nyumbani anataka chakula kidogo kidogo mara tano kwa siku, uduvi mdogo uliogandishwa, ukayeyushwa na kuachiliwa kwenye mkondo wa pampu upite mbele ya uso wake. Mimi nilikuwa nakagua kila wiki, na mfanyakazi wa Mama Jero alikuwa akilisha kwa ratiba yangu. Chakula kinachoelea juu wenzake wenye fujo wanakimaliza kabla hajageuka. Ni mpole. Hapigani na mtu. Na mpole akikosa chakula hapigi kelele, anazidi tu kupendeza na kukonda.

Magoti yaliponishinda, nilimkabidhi kazi Dan. Dan ni kijana wa hapa Yamumbi, ana akili, ana mkono mwepesi, na nilimfundisha miaka mitatu. Nilimpa orodha ya wateja na nikampa kigoda cha Mzee Wafula. Alikipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi siku hiyo kama nimeozesha binti.

Miezi mitatu iliyopita Mama Jero akanialika chai. Niliingia, na kabla sijaketi nilimwona Chifu. Alikuwa anang'aa. Milia safi, mkia umenyooka. Na nyuma ya kichwa, pale pale, tumbo limeingia ndani mpaka nikaona mstari wa mfupa. Mdogo, aliyejifunza kudaka makombo ya wenzake, alikuwa amekonda kidogo tu. Kigoda cha Wafula kilikuwa pembeni, juu yake pamewekwa kisanduku cha nyaya.

Dan alikuwepo, amekuja kubadilisha kichujio. Alinionyesha simu yake. "Mathe, cheki. Chumvi iko poa, joto iko poa, kila kitu green. Siku hizi sina haja ya kuja kila wiki, naona yote kwa simu."

"Anakula mara ngapi?"

"Kuna feeder pale juu. Ina-drop mara moja asubuhi, automatic."

"Inadondosha nini?"

"Pellets, vile vipunje vikavu."

"Na Chifu anazila?"

Akainua mabega. "Si huyo ni reef-safe, mathe? Hali matumbawe, hasumbui kitu. Ndiyo fish rahisi kabisa."

"Dan, angalia tumbo."

Aliangalia, bila kuketi. "Eh, ako kwa diet," akasema, akacheka kidogo, akidhani nitacheka.

Hapo ndipo nilipoweka kikombe mezani. Nilimwambia mambo ambayo mama Mkristo hapaswi kusema mbele ya wenyeji. Nilimwambia mashine yake inachuja maji hadi hakuna hata kijidudu kimoja, kisha anamleta samaki anayekula kutoka kwenye maji. Nilimwambia amemwekea mgeni sahani iliyooshwa na kumtaka ashukuru. Alibaki anasema, "Lakini readings, mathe. Readings ziko sawa." Mashine sizichukii, mjue. Ningekuwa na simu ya kunipima chumvi miaka ile, ningelala zaidi. Lakini hakuna namba ya njaa kwenye hiyo simu. Njaa inaonekana kwa macho, na macho yanataka mtu aketi.

Kilichonichoma zaidi ni alichosema Mama Jero. Alisema polepole, "Mimi nilijua."

Tukageuka wote wawili.

"Ng'ombe ikikonda, mimi najua kabla mbavu haijatoka. Nilimwambia Dan, hii samaki tumbo imeingia. Mara mbili nilimwambia. Akaniambia, 'Mathe, hiyo ni shape yake.' Nikasema basi, yeye ndiye fundi."

Mmesikia? Mwanamke aliyetazama matumbo ya wanyama maisha yake yote aliona, akasema, akanyamazishwa na kijana aliyeshika simu. Angemkosea samaki peke yake, mtu angesema ni bahati mbaya. Lakini kumwambia mwenye macho kwamba haoni, hiyo ni jeuri, na sikumfundisha mimi.

Dan aliondoka amenuna. Mimi sikuondoka. Nilikaa kwa Mama Jero siku tisa, nikilala chumba cha wageni na magoti yangu haya. Niliangua mayai ya uduvi kwenye chupa za soda ili Chifu apate chakula kilicho hai, kinachocheza, kimshawishi. Mara sita, mara saba kwa siku, mimi na Mama Jero tulikuwa tukipokezana kigoda. Siku ya nne akadonoa. Mama Jero akapiga makofi, akamwita mfanyakazi kutoka zizini aje aone. Siku ya sita akadonoa vizuri, mara ishirini, nilihesabu. Nikaanza kuamini.

Lakini samaki aliyefika pale huwa mwili umeshaanza kujila wenyewe. Siku ya nane alikitazama chakula kikipita. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alilala nyuma ya jiwe akaacha kupumua. Mama Jero alimtoa mwenyewe kwa mkono, akamzika uani, nyuma ya duka lake. Nilimpigia Dan simu kumwambia. Akasema, "Pole, mathe. Nitawaletea mwingine, kuna supplier mpya." Nikakata simu. Nililia, na sioni haya kusema. Nililia kwa hasira kuliko huzuni.

Wiki iliyopita Mama Jero alinipigia tena. Safari hii hakupaza sauti. "Mama Ciru, njoo uone Mdogo."

Nilipofika, kigoda kilikuwa mahali pake mbele ya kioo na juu yake pamewekwa mto mdogo. Kando yake kulikuwa na chupa tatu za soda zenye uduvi mchanga. Mdogo alisimama katikati ya maji, tumbo limejaa, duara. Na mgongoni, miembamba kama ya kalamu, milia minne.

Mnaweza kusema ni muujiza, mpige picha. Mimi sikuona muujiza. Samaki huyo hakuvaa milia kwa furaha. Alivaa kwa sababu alitazama kushoto na kulia akakuta hakuna mwingine aliyebaki wa kufanya kazi ile, akaifanya.

Nilinyoosha mkono nikichukue kigoda, nirudi nacho Yamumbi nikiweke mahali ambapo hakitapangwa nyaya juu yake. Mama Jero alinitazama.

"Unapeleka wapi?" akauliza. "Saa tano ndiyo hiyo. Mimi nalisha sasa."

Akaketi, mikono mapajani, akaanza kutazama kabla ya kugusa kitu. Muda wa kikombe kimoja cha chai, bila kuambiwa.

Kwa hiyo msinitafute Yamumbi kwa ajili ya kigoda cha Mzee Wafula. Kiko Kesses, nyuma ya duka la dawa za ng'ombe. Dan, nawe unasoma hii, najua. Anayekitaka aache simu mlangoni, aombe ruhusa ya Mama Jero, na asubiri mpaka amalize kulisha.